Maji Meusi Shambani kwa Baba Mkwe

Makaa ya mawe niliyoyajua mimi hayakuwaka. Ukiyatia mekoni yalitoa moshi wa kukohoza na harufu ya yai viza, kisha yakazima yenyewe na kukuachia jiko chafu. Nilijaribu mara moja, siku kuni zilipolowa, na mume wangu akanikuta macho mekundu kama nimetoka msibani. Alicheka. Alisema hayo si ya kupikia. Ni makaa machanga, yamekaa karibu na uso wa ardhi mpaka mvua na hewa vimeyala, na kule yalikotoka wachimbaji huyasukuma pembeni ili wayafikie yaliyo mazuri. Nikamwuliza, kama wenyewe wameyatupa, sisi tumeyabeba kutoka karibu na mpaka wa Malawi hadi huku kwetu Mbulumbulu, kaskazini, kwa sababu gani. Akasema subiri utaona. Basi nilisubiri, na niliona.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Duka letu lilikuwa na rafu, lilikuwa na mwenye duka, na lilikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Bidhaa ndizo hazikuwepo. Sabuni ya kutafuta, sukari ya kutafuta, mafuta ya taa ya kupanga foleni. Mbolea ya viwandani ndiyo kabisa, tuliisikia redioni. Mume wangu alikuwa bwana shamba wa kata, na bwana shamba asiye na mbolea wala mbegu wala dawa kazi yake ni kuzunguka kwa miguu akiwaambia watu wapande kwa mistari. Alikuwa anaumia. Niliolewa naye nikijua ni mtu wa kuumia haraka, lakini miaka ile ilimzidi. Alirudi jioni, akavua viatu, akasimama mlangoni akitazama shamba la baba yake, na mara nyingi chakula hakukigusa.

Shamba lenyewe ndilo lililokuwa maisha yetu. Baba mkwe alikuwa mzee mjane, Mwiraqw wa pale pale, na kaka za mume wangu walikuwa wamekwisha chukua sehemu zao na kuhamia upande wa Mbulu. Mume wangu alikuwa kitinda mimba, akabaki na baba na kipande kilichobaki, ekari chache za mteremko unaotazama msitu wa Ngorongoro. Zamani, mzee alisema, ukichoma jembe pale linazama mpaka mpini. Lakini ilipandwa ng'ano, ikapandwa tena ng'ano, trekta likapita na kupita, na udongo ukachoka. Ulikuwa vumbi wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha unashuka wote kuelekea korongoni.

Mimi nilizaliwa kambi ya vibarua, kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani. Wazazi wangu walitoka Singida kuchuma kahawa ya mtu mwingine, wakaishi nyumba ya mtu mwingine, na baba yangu alipovunjika nyonga tuliambiwa tupishe chumba. Kwa hiyo watu waliponiuliza kama sikuona shida kuolewa na watu wa lugha nyingine, kwenye shamba lililochoka, niliwaona hawajui wanachouliza. Lilikuwa shamba. Asubuhi ya kwanza baada ya arusi nilitoka nje, nikasimama katikati yake peku, na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Nililitaka lile shamba kuliko mume wangu alivyolitaka, na nadhani hata kuliko mzee.

Mume wangu alipelekwa mafunzo kusini, akarudi juu ya lori la maharage, amekaa kwenye magunia ya makaa, mweusi mwili mzima. Watoto wetu wawili walimkimbia. Hata hajaoga akaanza kunieleza. Makaa haya, alisema, yalikuwa msitu zamani sana, na ndani yake bado mna kile kitu kinachoufanya udongo wa msituni uwe mweusi na laini. Kitaalamu kinaitwa asidi ya humiki. Ukiyasaga makaa machanga, ukayaloweka kwenye maji makali, kama maji ya majivu au potashi, asidi ile inatoka kwenye makaa na kuingia kwenye maji. Halafu unaipa shamba, na udongo uliochoka unapata tena nguvu ya kushika maji na chakula cha mimea. Alikuwa ameona kwa macho yake, bustani ya mwalimu wao, kabichi kubwa kama mto wa kulalia. Nilikuwa natafuta sabuni ya kumwogeshea.

Kusaga kulikuwa kazi yangu, maana nani mwingine ana kinu. Nilitwanga makaa kama ninavyotwanga mahindi, nikachekecha, nikatwanga tena chenga zilizobaki. Vumbi lake ni jepesi na linapenda binadamu. Lilikaa kwenye kope, lilikaa kwenye nepi za mtoto, nikipenga kamasi zilitoka nyeusi. Kinu kile hakikurudi tena kwenye mahindi, ikabidi niazime cha jirani kwa chakula. Nililalamika kila siku na kila siku nilitwanga. Mume wangu alikuwa amerudiwa na hamu ya kula, na kwa hilo ningetwanga hata mawe ya kawaida.

Mara ya kwanza alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alichuja maji kwenye majivu ya kuni, yale makali yanayoteleza vidoleni, akaloweka unga wa makaa ndani ya pipa na kukoroga kwa mti. Baada ya siku kadhaa makapi yalitua chini na maji ya juu yakawa meusi hasa, meusi kuliko kahawa. Akayachota kwenye ndoo. Kisha akatia tone kwa tone maji ya betri, aliyopewa na fundi mmoja wa Karatu kutoka kwenye betri ya lori lililokufa. Nilikuwa nimesimama pale. Maji yaligawanyika mbele ya macho yangu, yakaganda mabonge meusi kama maziwa ya mgando, mabonge yakazama, na juu yakabaki maji ya rangi ya chai nyepesi. Akayamwaga hayo ya juu, akaosha mabonge kwa maji safi, akaacha yatulie, akaosha tena, na tena. Chumvi zote zinaondoka na maji ya kuoshea, alisema. Mwishoni alianika tope lile juu ya bati, likakauka likawa vipande vyeusi vinavyong'aa. Alivishika mkononi kama mtu aliyeshika kifaranga. Hiyo ndiyo asidi yenyewe, akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Aliiyeyusha tena kwenye maji kidogo ya majivu, akanyunyizia bustani yangu nyuma ya jiko. Sitaficha, ilifanya kazi. Figiri zilinenepa, maharage yakapanda juu ya miti yake yakakosa pa kushika, na udongo wenyewe ukiufinya unabaki donge. Majirani walikuja kutazama. Baba mkwe alikuja kila asubuhi, mikono nyuma, anainama, anabonyeza udongo kwa kidole gumba. Siku moja aliniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba udongo wa nyuma ya jiko sasa unanuka kama ulivyonuka alipokuwa mtoto. Nilimwelewa. Usiku ule tulipanga, mimi na mume wangu, kwamba msimu unaokuja tuliponye shamba zima.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa sisi tuliona yananyooka. Makaa tulikuwa nayo, dereva wa lori alituletea mengine. Lakini majivu ya jiko moja hayawezi shamba. Niliomba majivu nyumba zote za jirani na bado hatukupata hata ya nusu ya mapipa. Potashi ilikuwa ya kuagizwa kutoka ng'ambo, na aliyoiagiza Arusha mjini haikuja. Maji ya betri nayo hayakupatikana. Malori yenyewe yalikuwa yanasukumwa kuwashwa. Mvua ilikuwa inakaribia. Mume wangu alikonda tena. Ndipo akakumbuka magadi.

Kwetu magadi ni kitu cha jikoni. Yanatoka bondeni, kandokando ya Ziwa Eyasi, maji yanapokauka na kuacha gamba jeupe. Unatia kipande kwenye chungu cha makande au maharage, na maharage magumu ya mwaka jana yanaiva kabla kuni hazijaisha. Ng'ombe wanayalamba, wajawazito wanayatafuna kwa siri. Hakuna mtu aliyekuwa na neno baya juu ya magadi. Mume wangu aliyapima kwa vikaratasi vyake vya kupimia ukali wa maji, alivyobakiwa navyo kutoka mafunzoni, vikabadilika rangi kama vilivyobadilika kwenye majivu. Maji yake ni makali, alisema, yatatoa asidi kwenye makaa vizuri tu. Nilimwuliza kuhusu ile kazi ya kugandisha na kuosha, kwa kuwa maji ya betri hayapo. Akasema itabidi tuiruke, tumwage maji meusi yenyewe na makapi yake. Nikauliza chumvi zitakwenda wapi.

"Mvua itaosha," akasema.

Nami nikaona ni kweli, maana mvua huosha kila kitu. Baba mkwe ndiye aliyesita kidogo, kwa sababu ya makaa, si kwa sababu ya magadi. Alipoambiwa kwamba kinachotumika ni magadi ya Eyasi alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Aliwaambia wazee wenzake kwamba kitu kinacholainisha maharage hakitashindwa na udongo. Maneno yale yalizunguka kijiji kizima. Kila mtu alikubali, wanawake kuliko wote, kwa kuwa wao ndio wanaojua magadi yanavyofanya kazi.

Tulishuka Baray kwa trekta la kijiji lilipokwenda kwa shughuli zake, mimi na mume wangu juu ya tela. Joto la bondeni unalikuta njiani kabla hujafika. Tulikwenda mpaka ukingo wa ziwa, mahali ardhi ni nyeupe na inakwaruza macho, tukakwangua magadi kwa majembe na kuyajaza kwenye magunia. Ng'ombe wa Wabarbaig walikuwa wanalamba pembeni yetu bila kutujali. Mume wangu aliimba. Aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya, akanirushia vumbi la magadi, nikamkimbiza na jembe. Nikikumbuka siku ile nakosa pa kuiweka. Ilikuwa siku yetu nzuri kuliko zote za ndoa yetu, na tulikuwa tunachimba kile kitakachotumaliza.

Siku ya kumwaga tuliita majirani. Kwetu kazi kubwa haifanywi na nyumba moja: unapika pombe, watu wanakuja na majembe yao, wanalima kwako leo na wewe utakwenda kwao kesho. Safari hii hawakuja na majembe, walikuja na ndoo. Wanawake walibeba maji meusi kichwani, wanaume wakachota kwa vibuyu na kumwaga kwenye mistari, vijana wakatandaza makapi kwa reki. Baba mkwe alimwaga kibuyu cha kwanza. Alisali kwa Kiiraqw maneno ya wazee, kisha akavua kofia akasali Baba Yetu, ili asikose upande wowote. Mpaka jioni shamba lote lilikuwa jeusi linang'aa, toka njia ya juu hadi korongoni. Watu walikunywa, wakaimba, wakanawa mikono isitakate. Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi, nilijiona mwenye mali.

Tulipanda mahindi na maharage, na mvua ya kwanza ilinyesha vizuri. Asubuhi nilitoka nikakuta maji yamesimama. Shamba letu ni mteremko, halijawahi kusimamisha maji, lakini yalikuwa yamekaa vidimbwi vidimbwi, meusi, yanatazama mawingu. Nilifikiri ni kwa sababu mvua ilikuwa kubwa. Siku zilizofuata jua lilipiga, maji yakakauka, na pale yalipokuwa pakabaki gamba gumu lenye nyufa, na kwenye kingo za nyufa kitu cheupe kama chokaa. Mahindi yaliyokuwa yamechomoza yalikuwa yameungua ncha za majani. Maharage hayakuchomoza kabisa. Nilifukua nikayakuta chini ya gamba, yamevimba, yamejaribu kunyanyua kichwa, yameshindwa.

Mume wangu alikaa chini katikati ya shamba. Aliokota kipande cha gamba akakiweka ulimini kama anavyoonja mtu mchuzi. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama na mtoto mgongoni, nikingoja atoe dawa, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma.

"Ni chumvi," akasema. "Nimelitia chumvi shamba la baba."

Nikamwambia mvua bado zipo, zitaosha, si ulisema. Akatikisa kichwa. Alisema chumvi ile imeuziba udongo, maji hayapiti tena. "Yangepita yangeosha," akasema, kisha akatema.

Alikwenda kumwambia baba yake yeye mwenyewe, mbele yangu, kwa Kiiraqw, na mimi kwa wakati ule nilikuwa nimekwisha kukijua cha kutosha. Hakusingizia ukosefu wa maji ya betri, hakusingizia nchi wala mwalimu wa kusini. Alisema nimekosea, baba, shamba limekufa. Mzee alimwuliza, mpaka lini. Mume wangu akasema hajui. Mzee akasema basi, akachukua fimbo yake akaenda kukaa juani. Nilitamani ampige nayo.

Mwaka ule tulivuna mahindi ya kujaza debe kwenye ukingo wa juu, ambako ndoo hazikufika. Tuliishi kwa mshahara wa bwana shamba, ambao ulichelewa, na ulipofika haukukuta kitu dukani. Mume wangu aliendelea kuzunguka kata akiwaambia watu wapande kwa mistari. Watu walimsikiliza kwa heshima, ndiyo mtaalamu, asante mtaalamu, na akigeuka wanafanya walivyozoea. Jioni zake zote alizitia kwenye lile gamba. Alichimba mifereji maji yapite, hayakupita. Alipanda juu kwa wafugaji wa Kimaasai kuomba samadi ya bomani, akaibeba mgongoni gunia kwa gunia mpaka shati likaoza mabegani. Samadi ilikaa juu ya gamba ikingoja kuingia, haikuingia, upepo wa kiangazi ukaipeleka kwa jirani. Shamba la jirani lilistawi. Niliona vile nikacheka mpaka nikaogopa kicheko changu.

Msimu uliofuata majirani walikuja kulima. Hatukuwaita. Zamu ilikuwa yetu, na kuiruka nyumba ya mtu kwenye zamu ni kama kumwambia hayupo tena, kwa hiyo walikuja na majembe alfajiri wakajipanga mstari kama kila mwaka. Pombe niliipika kwa mahindi niliyoazima kwao wao. Jembe la kwanza lilipopiga, liliruka. Nilisikia mlio wake jikoni, mlio wa jembe kwenye sakafu. Nilidhani wataacha. Hawakuacha. Walilima mteremko ule wote, wanapiga na majembe yanaruka, wanapiga tena, mpini wa mmoja ukavunjika akaenda kuchukua mwingine. Walizungumza habari za kanisa na za ng'ombe aliyezaa mapacha. Hakuna hata mmoja aliyetaja udongo. Baba mkwe alilima nao, katikati ya mstari, anapumua kwa shida, na vijana wa pande zote mbili wakapunguza mwendo ili asibaki nyuma. Jioni walikunywa, wakamshukuru mume wangu, mmoja akasema shamba limelimika. Nilichukia sana. Nilitaka angalau mmoja wao atutukane, atuite wapumbavu, tupate cha kujibu. Walikwenda zao kwa adabu ile ile, na mume wangu akaingia ndani akageukia ukuta.

Tulipanda. Hakikuota kitu cha kuitwa kitu.

Kisha ukaja ukame, na sasa hata wenye mashamba mazima hawakuvuna. Tulikula unga wa njano wa msaada, tulipoupata. Majirani waliokuwa wakituletea kibaba waliacha, na sikuwalaumu, watoto wao walikuwa na macho kama ya wangu. Tofauti yetu na wao ilikuwa moja, kwamba wao walikuwa wanatazama mbinguni. Mvua ikirudi wao wangepona. Mimi nilikuwa nasali kwa mazoea tu, nikijua mvua ikija kwetu itasimama vidimbwi. Binti yangu aliniuliza kwa nini shamba letu linanuka chumvi. Nikamwambia akacheze.

Mzee hakuugua ugonjwa wenye jina. Alipungua. Chakula chake alikuwa anakisukuma upande wa watoto, na nikimkemea anajifanya hasikii Kiswahili. Mwishowe hakutoka tena kitandani. Mchana mmoja alituita, mimi na mume wangu, akataka tukae chini. Alisema anataka kusema pa kuzikwa. Kwetu ardhi ni kidogo, na kaburi huchimbwa pembeni, karibu na ua, mahali pasipolimika, ili marehemu asiwanyang'anye walio hai mstari wa mahindi. Mama mkwe yuko pale, chini ya ua wa minyaa. Sote tulijua mzee atalala karibu naye. Mume wangu akaanza kumwambia hivyo, mzee akainua mkono.

"Nizikeni katikati ya shamba," akasema. "Pale hamtapoteza kitu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira tungeibeba. Alisema kama mtu anayepanga kazi ya kesho, anatafuta namna isiyowasumbua watu, na alimtazama mwanawe kwa upendo, naapa. Mume wangu alitoka nje. Nilimsikia akitembea kuzunguka nyumba, anazunguka na kuzunguka. Mimi nilibaki nimeshika miguu ya mzee, ambayo ilikuwa baridi.

Alikufa kabla mvua hazijarudi. Tulimzika alipotaka. Waliokuja kuchimba ni wale wale wa ndoo na majembe. Juu ilibidi watumie mtaimbo, gamba likavunjika vipande vikubwa kama vigae, wakavitupa mbali. Chini ya hapo majembe yalizama. Udongo uliotoka chini ulikuwa mwekundu wa kahawia, laini, una unyevu hata katika ukame ule, na ulinuka vile mzee alivyoniambia siku ile nyuma ya jiko. Mume wangu alikuwa shimoni anachimba pamoja nao, akasimama, akaushika ule udongo kwa mikono miwili. Mmoja wa wazee alimwambia kwa upole aendelee, jua linakwenda. Akaendelea. Udongo ule wa chini ndio uliorudishwa juu, ukawa tuta refu jekundu katikati ya weusi.

Hatimaye mvua zilirudi, nzuri, za kujaza makorongo. Mbulumbulu yote ikawa kijani. Kwa jirani wa juu kijani, kwa jirani wa chini kijani, na kwetu vidimbwi. Nilikuwa nimekwisha zoea kutotazama. Nilitoka nyumbani kwa mlango wa nyuma ili nisipite mbele ya shamba, nikaenda kupalilia mashamba ya watu kwa sahani ya unga.

Asubuhi moja mume wangu aliingia jikoni na mnavu. Ulikuwa mwingi, wa kujaza mikono miwili, majani mapana, mabichi, bado una umande na udongo mwekundu kwenye mizizi. Aliuweka kwenye ungo mbele yangu. Mnavu hujiotea wenyewe mahali udongo umegeuzwa vizuri. Kwenye shamba letu lote palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo, na tuta lile lilikuwa na urefu wa mtu. Nilimtazama usoni. Hakukwepa macho yangu, alikuwa amelia njiani na hakujisumbua kujifuta.

Alitoka akaenda kupasua kuni. Nilikaa na ungo ule mapajani, sijui kwa muda gani. Kisha nikauosha mnavu, nikaukatakata, nikaupika na ugali wa njano, tukala wote wanne kwenye sinia moja. Watoto waliomba waongezewe.